Shajara: Animorphs zote 54, na deni la vyombo

5 Januari (0/54)

Mzigo umefika. Umekuja kwenye begi la mtu aliyetoka Minneapolis, vitabu 54 vimefungwa na rababendi vingine vinanuka stoo, mke wangu kaviangalia kauliza swali moja tu, hivi ni vya mtoto au vya kwako? Vya kwangu. Nina miaka 33 na nimetoa hela ya maana kabisa kununua mitumba ya vitabu vya watoto, cha juu kina picha ya kijana anageuka mjusi.

Kwa asiyejua, Animorphs imeandikwa na K. A. Applegate, ilitolewa na Scholastic kuanzia Juni 1996 mpaka Mei 2001, namba 1 mpaka 54, karibu kila mwezi kitabu, ukiacha vile vya pembeni ambavyo sivigusi kwanza. Watoto watano wa Marekani wanakatiza usiku kwenye saiti ya ujenzi iliyotelekezwa, chombo kinatua kimeharibika, kiumbe aliyemo ndani anakaribia kufa na kabla hajafa anawapa uwezo wa kugeuka mnyama yeyote waliyemgusa. Sharti masaa mawili, ukizidisha unabaki hivyohivyo maisha. Adui ni mdudu anaitwa Yeerk, anaingia sikioni, anajitandaza kwenye ubongo anakuendesha kama daladala, we mwenyewe upo humohumo ndani unaona kila kitu ila huwezi hata kupepesa jicho.

Sasa mimi hivi vitabu sijawahi kuvisoma. Ndo penyewe hapo. Mwaka 2002 nilikuwa darasa la nne shule ya Kiswahili, Kiingereza changu kilikuwa gudi moningi ticha halafu unakaa. Aliyesoma ni dada. Mama mdogo alikuwa anafanya kazi kwa wazungu Masaki, wakahama, wakamwachia maboksi, moja lilikuwa na Animorphs nane: 1, 2, 4, 6, 10, 17, 20 na 21. Dada alikuwa fomu tu, yaani kidato cha pili. Mchana anasoma, jioni ananisimulia kwa Kiswahili na malipo yalikuwa vyombo, yaani zamu yake naosha mimi, sura moja kwa beseni moja, sufuria lenye masizi linahesabika mara mbili. Vitabu nane viliisha ndani ya miezi, ila stori haikuisha, dada aliendelea nayo mpaka anamaliza fomu foo, akisema namba zingine kaazima kwa rafiki yake. Nimekuja kuwa mtu mzima ndo najiuliza rafiki gani huyo ambaye hatukuwahi kumuona.

Kwa hiyo mradi ni huu: nasoma zote kwa mpangilio bila kuruka, na nina daftari nimelichora mistari miwili, upande mmoja KITABU upande mwingine DADA. Nataka nijue nilichokaa nacho kichwani miaka yote hii kiliandikwa au kilitungwa jikoni kwetu Mwananyamala.

9 Januari (2/54)

Cha kwanza nimekimaliza usiku mmoja. Chini kwenye kona ya kila ukurasa kuna kapicha, ukizipeperusha kurasa haraka haraka Jake, kiongozi wa wale watoto, anageuka mjusi, ile nakala yetu kona ilishaisha kabisa kwa kupeperushwa na mikono yenye mafuta ya maandazi.

Kila kitabu msimulizi anaanza kwa kujitambulisha na kusema jina la ukoo hasemi wala mji hautaji maana watamfuata. Dada alikuwa anaanza hivyohivyo kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari, na mimi beseni mbele yangu nyama zote zimenisimama. KITABU.

Elfangor, yule kiumbe wa kwenye chombo, dada alimwita swala wa bluu. Nusu mtu nusu swala, macho manne, mdomo hana, anaongea moja kwa moja kichwani mwako, mkia una panga. Visser Three, mkubwa wa wale wadudu, yeye alikuwa Bwana Tatu. Elfangor analiwa mzima mzima, Bwana Tatu anageuka lidubwana kubwa na watoto wamejificha pembeni wanasikia. Hilo dada alilisimulia lote na sauti za kutafuna juu, usiku ule nilikojoa kitandani nikamsingizia mdogo wetu. KITABU, asilimia mia.

Kilichonipita kabisa ni Tom. Kaka yake Jake ana mdudu kichwani. Nikiwa mtoto nilikuwa nasubiri chui milia na dubu watokee wapigane, Tom alikuwa jina tu. Sasa hivi nasoma naona kijana anakaa meza moja na kaka yake asubuhi, anaomba apitishiwe maziwa, na anayempitishia siyo kaka yake, kaka yake yupo ndani amefungwa anaangalia. Halafu wale wadudu kila baada ya siku tatu lazima warudi kwenye dimbwi chini ya ardhi kupata mionzi ya jua la kwao, wakitoka vichwani watu wanatiwa kwenye vizimba wakisubiri kurudishiwa. Huko vizimbani wanapiga kelele, wanalia, wengine wameshachoka wamekaa tu. Hao waliokaa tu ndo wamenikaa mimi.

Namba 2 pia. Chapman, makamu mkuu wa shule, mimi na dada tulimchukia kwa sababu alifanana na mwalimu wetu wa nidhamu. Kumbe jamaa alikubali mwenyewe kuchukuliwa ili binti yake Melissa aachwe. Na binti hajui, anachoona yeye ni kwamba baba na mama wameacha kumpenda. Hii ilikuwa kwenye boksi letu aisee, ilikuwepo tangu 2002, na dada hakuigusa.

Kitu kingine cha kucheka: wale wadudu wana chama cha kuvutia watu, kina pikniki na michezo, dada alikiita Ushirika. Baba alikuwa mwanachama wa saccos. Siku aliyonichukua twende nae kwenye mkutano wa mwaka nililia mpaka akaniacha, na hakuna mtu nyumbani aliyewahi kujua kwanini.

14 Januari (4/54)

Namba 3 haikuwa kwenye boksi. Tobias ndo yule mtoto katika wale watano aliyezidisha masaa mawili kwenye cha kwanza, kabaki mwewe. Kumbukumbu yangu ya Tobias ilikuwa moja kubwa sana, anaiba nyama buchani, muuza bucha anamfukuza na kisu, anapita juu ya waya za umeme na kilo nzima ya steki. Naiona kabisa ile bucha ilivyo.

Bucha haipo. Kilichopo ni kwamba Tobias anaua panya kwa mara ya kwanza na kumla, na aibu inamkaba, mpaka anaruka ndani ya shopping moli na kwenda kujibamiza kwenye kioo cha paa makusudi. Marco, mwenzao, anakiwahi kioo anakivunja kwa mpira wa besiboli ndo mwewe anapita. Kitabu cha watoto wa miaka kumi hiki, nakukumbusha tu.

Bucha: DADA.

16 Januari (5/54)

Wamegeuka siafu. Siafu wa kundi lingine wakawakuta shimoni wakaanza kuwakata vipande. Nimefunga kitabu nikaenda kuangalia kabati la sukari.

20 Januari (7/54)

Namba 6. Jake mwenyewe anaingiwa, na mdudu aliyemuingia aliwahi kukaa kwa Tom, kwa hiyo Jake anaanza kuona kumbukumbu za kaka yake. Wenzake wanamfunga kwenye kibanda msituni siku tatu mpaka mdudu afe kwa njaa. Siku tatu hizo zote yeye yumo ndani ya kichwa kimoja na kitu kinachokufa, wanaongea, wanagombana, na kinavyokata roho Jake anakiona kifo chenyewe kutokea ndani. Dada alikuwa kalifupisha: "Wakamfunga siku tatu kama anayeachishwa ugoro, mdudu akafa, wakaenda kula."

27 Januari (10/54)

Leo nimempigia dada.

Namba 10 ina Erek, roboti anayefanana na mtu kabisa, yeye na wenzake waliumbwa na viumbe waliofanana na mbwa, na waliwekewa programu ya kutoweza kumdhuru kiumbe yeyote. Kwenye kitabu anapata namna ya kuifuta ile programu ili akawaokoe watoto waliozidiwa. Akaifuta kweli. Na kilichofuata hakielezwi sana, kinaelezwa kwa jinsi hawa watoto, ambao mpaka hapo wameshang'ata watu koo wakiwa wanyama, hawawezi kuangalia. Ikiisha Erek anajirudishia programu kwa hiari yake. Na yeye ni roboti, hasahau. Binadamu kumbukumbu inafifia na miaka, yake itabaki mbichi vilevile milele.

Kwenye daftari langu upande wa DADA imeandikwa: Erek aliwazaba vibao wote wakalala.

Nikasema hapa dada alinionea huruma. Nimekaa na hilo wazo siku mbili nzima, limenipendeza, dada wa miaka kumi na tano anasoma yale mambo peke yake na kunichujia mdogo wake. Nikampigia kumshukuru. Yuko Tanga sasa hivi, ana duka la vitenge, nyuma nasikia wateja wanapunguziana bei.

Akacheka mpaka akakohoa. "Huruma ya wapi, mdogo wangu? We hukumbuki kamusi ya baba? Ilichanika kuanzia herufi S mpaka mwisho. Neno likianzia S na kushuka ndo basi tena, naruka. Ukurasa ukiwa na maneno mengi ya huko naweka vibao."

Yaani utoto wangu wote umechujwa na panya waliokula kamusi. Nimeongeza mstari wa tatu kwenye daftari: KAMUSI.

2 Februari (13/54)

Kwa dada, Tobias alirudi kuwa mtu, akafanya mtihani akafaulu, akachaguliwa sekondari ya bweni. Kwa kitabu, kuna kiumbe mwenye nguvu kuliko wote anamrudishia uwezo wa kujigeuza, na anaweza hata kuwa yule kijana aliyekuwa zamani. Lakini kwa masaa mawili tu kama mnyama mwingine yeyote. Akitaka kubaki mtu moja kwa moja aachie mapambano. Anabaki mwewe.

8 Februari (17/54)

Hapa nimekuta maajabu. Kuna kitu kimoja ambacho nilishakiandika upande wa DADA kabla hata sijaanza, kwa kalamu nyekundu, bila wasiwasi wowote: uji wa tangawizi. Kwamba wale wadudu wana udhaifu, ukiwapa uji wa tangawizi wanachizika. Nikasema hii ni dada kabisa, kaisimulia siku ya Ramadhani, kachukua kilichokuwa jikoni.

Ipo! Namba 17, uji wa oti wa paketi, wa ladha ya mepo na tangawizi. Wakila wanakuwa mateja, akili inawatoka, na uzuri ni kwamba hawahitaji tena kurudi dimbwini. Nimeisoma mara mbili. Nimempigia picha ukurasa dada nikamtumia wasap, akajibu emoji za kucheka saba na "mi niliongeza pilipili manga tu".

13 Februari (19/54)

Namba 19 nataka niiandikie kidogo maana ndo naona mfululizo unageuka hapa. Cassie, mmoja wa wale watano, ambaye baba yake anatibu wanyamapori bandani na mama yake ni daktari wa wanyama kwenye zuu, anachoka, anasema hapigani tena. Anapotea msituni na mtoto wa kike mdogo ambaye ndani yake ana mdudu anaitwa Aftran. Wanabaki wawili tu. Na mdudu anajieleza. Anasema bila mwili wa mwingine mimi ni kipofu, naogelea kwenye dimbwi maisha yangu yote, nimeonja macho mara moja nikaona ua, nikaona rangi, halafu we unaniambia niyarudishe, ungekuwa wewe ungerudisha? Cassie hana jibu. Wanafikia mkataba mdudu akubali kumwachia mtoto na kurudi gizani, na Cassie nae aonje, abaki kiwavi moja kwa moja. Anabaki kweli. Kilichomuokoa ni kwamba kiwavi anakuwa kipepeo, na kule kugeuka kwa asili kukaanzisha saa upya.

Nikiwa mtoto ingenichosha hii, watu wawili wanabishana msituni. Sasa hivi nimeisoma kwenye foleni ya Mwenge mpaka kondakta ananigusa bega, bro tumefika.

Kwa dada hakukuwa na habari za huruma kwa wadudu. Wote walimwagiwa chumvi.

24 Februari (22/54)

Nimekaa muda bila kuandika. Sababu ni namba 22.

Boksi letu liliishia 21. Mwandishi alikuwa ameandika stori moja kwa vitabu vitatu, 20, 21 na 22, na sisi tulikuwa na viwili. Kijana anaitwa David anaokota kile kiboksi cha bluu kinachotoa uwezo, wadudu wanawachukua wazazi wake, wale watoto hawana jinsi wanamuingiza kundini. David hataki vita, anataka nyumbani kwao. Anaanza kuvunja hoteli alale kitandani kizuri, anaenda anageuka polepole mpaka anawasaliti na kuwawinda. 21 inaisha Jake kama chui milia anapigana na David aliyegeuka simba na Jake anavuja damu koromeo. Hapo ndo boksi likaisha. Nakumbuka nilivyolia. Dada akasema subiri kesho nitaenda kuazima kwa rafiki.

Mwisho niliokuwa nao kichwani: David alinaswa akiwa panya, akawekwa kisiwani, wavuvi wakapita na ngalawa wakamuona, wakamchukua, akakaa na wavuvi akawa anakula vichwa vya dagaa, na mama yake akapona akaja kumchukua. Akiwa panya hivyohivyo mama akamjua kwa macho.

Sasa ajabu ni kwamba nusu yake ni kweli na dada hakuwahi kukiona kile kitabu. Namuuliza ulijuaje panya, anasema panya ndo waliokuwa wanatusumbua wakati ule, si ndo hao walikula kamusi. Kweli wanamtega akiwa panya. Mpango ni wa Cassie, yule yule mpole, anaona kumuua hawawezi na kumwachia hawawezi. Wanamfungia, halafu lazima mtu akae nae masaa mawili yapite. Wanakaa Rachel, wa tano wao, na Ax, mdogo wake yule swala wa bluu aliyejiunga nao. Na David anaongea vichwani mwao muda wote ule. Anaomba, anatukana, anaomba tena. Kisha wanampeleka kwenye kisiwa cha mawe tupu baharini wanamwacha. Na kitabu kinasema watu wanaopita na boti karibu na pale wanadai wanasikia sauti kichwani, mwamba una mashetani.

Wavuvi wapo kwa hiyo. Wanapita tu.

Nilisimama siku nne. Mke wangu akauliza unaumwa, nikamwambia kuna mtoto wameacha kisiwani. Akaniangalia sana.

10 Machi (29/54)

Kuanzia 25 mwandishi mwenyewe anapungua, wanaandika watu wengine kwa maelezo yake, na ukitaka kujua angalia ukurasa wa mbele kuna shukrani kwa fulani kwa kusaidia kuandaa muswada, fulani huyo ndo kaandika. Vichache katikati hapa ameandika yeye na mumewe Michael Grant, ambaye amekuwepo tangu mwanzo ila jina halipo kwenye jalada. Namba 26 ni yao na unaisikia kabisa, kama chai iliyopikwa na mwenye nyumba.

21 Machi (36/54)

33: Tobias anateswa kitabu kizima karibu. Siandiki zaidi ya hapo. Dada nilimwambia kwa simu akasema "hapo hata ningekuwa na kamusi nzima ningeweka bucha".

4 Aprili (44/54)

Nikiri hapa katikati nimeburuza miguu. Kuna cha viumbe wadogo kama punje wanaingia puani kwa Marco. Kuna cha nyati, nyati kabisa, mbogo wetu, anagusa kile kiboksi cha bluu anapata uwezo, anageuka Chapman, na humohumo kuna siafu anageuka Cassie. Cassie yupo Australia kwenye 44 na kangaruu. Nilikuwa nasoma huku naangalia mpira. Hata dada hakuwahi kutunga kitu cha hovyo namna hii, na yeye aliwahi kuweka harusi ya nyani na chura.

19 Aprili (50/54)

Halafu ghafla hawataniani tena. 45 Marco anamwambia baba yake ukweli. 49 wanahamisha familia usiku, na wazazi wa Jake wanachelewewa, wanachukuliwa. Cha 50 wanahitaji wapiganaji zaidi na wadudu hawawaingii watu wenye ulemavu, wanawaona hawana faida, kwa hiyo Jake anaenda kuwaomba watoto wenye ulemavu. Wengine wakijigeuza na kurudi mwili unapona, wengine waliozaliwa hivyo haubadiliki. Wanakubali. Na Jake anavyowapanga unamuona anahesabu, kama mtu anayepanga matofali. Ni yuleyule aliyekuwa anaomba apitishiwe maziwa.

Nikarudi kwenye daftari kuangalia Jake wa dada alikuwaje. Upande wa DADA nimeandika neno moja: mcheshi.

27 Aprili (53/54)

53. Jake anaamuru dimbwi la kwenye meli lifunguliwe angani, zaidi ya wadudu 17,000 hawana miili, vipofu, hawawezi kupigana, wanamwagwa nje. Wadudu walewale wa Aftran. Na anamtuma Rachel, binamu yake, kwenye ile meli nyingine aliyopo Tom, anajua anamtuma akafanye nini na anajua harudi. Rachel nae anajua.

Nimebakiza kimoja. Sikifungui leo.

3 Mei (54/54)

Nimekisoma jana usiku. Leo nimempigia dada maana Rachel alikuwa wake. Kwenye mwisho wa dada, uliochukua karibu likizo nzima ya Desemba 2004 na masufuria ya sikukuu yote, Rachel akawa mkuu wa majeshi, akaolewa na Tobias (mtu, aliyemaliza bweni), ukumbi ulikuwa na mapambo ya bluu kwa heshima ya swala.

Nikamwambia Rachel anakufa. Akanyamaza. Nasikia kule dukani mtu anauliza hii doti bei gani na hajibiwi.

"Nisomee."

Nikamwambia ni Kiingereza. "Si unajua Kiingereza sa hivi? Nisomee kwa Kiswahili."

Basi nikaanza. Kwamba Rachel ni dubu, kwamba Tom kajigeuza nyoka na Rachel kamuua, kwamba wenzake wanaona kwenye skrini ya meli nyingine na Tobias yupo pale anaona, kwamba Rachel amejeruhiwa inabidi arudi mtu, na akisharudi mtu yupo msichana tu peke yake katikati ya maadui na mmoja ni dubu mweupe. Nilifika hapo nikaona mstari unaofuata. Nikauruka, nikaenda kwenye sehemu yule kiumbe mwenye nguvu kuliko wote anakuja kusimamisha wakati na Rachel anamuuliza kama maisha yake yalikuwa na maana yoyote.

"Umeruka," dada akasema.

Nikarudi nikasoma.

Akakaa kimya, halafu akasema kingekuwa kwenye boksi ningelijua hilo neno, D ilikuwepo.

Nikamsimulia na yaliyobaki, na yaliyobaki ni mengi, ndo kinachonishangaza, vita inaisha na kitabu hakiishi. Bwana Tatu anapelekwa The Hague kushtakiwa na Jake anaulizwa kizimbani kuhusu wale 17,000. Marco tajiri na yuko kwenye tivii. Cassie ndo pekee aliyeendelea na maisha. Tobias kachukua majivu ya Rachel kaondoka nayo porini, haongei na mtu. Jake analala tu. Wasomaji wa wakati ule walikasirika wakaandika barua, na Applegate aliwajibu kwamba vita haviishi vizuri na hakutaka kuwadanganya. Dada akauliza sasa ndo hivyo, ndo imeisha? Nikamwambia bado, miaka inapita, Ax anakamatwa na kitu huko angani, Jake na Marco na Tobias wanachukua meli kumfuata, wanakutana nae akiwa siyo yeye tena, wamezidiwa, na Jake anatoa amri meli yao ikaigonge ile.

"Ee?"

"Basi."

"Basi nini?"

"Kitabu kimeisha. Wanaenda kugonga, ukurasa umeisha."

"Vitabu hamsini na nne!" Akamgeukia mteja, doti elfu kumi na nane, mwisho kumi na sita, akarudi kwangu. "Hawakufa. Nisikilize. Wakati meli inagonga Tobias alikuwa ameshafungua dirisha. Huko jikoni kwako kuna vyombo?"

Kuna masufuria mawili ya jana, moja la wali lililoungua.

"Hilo lililoungua mara mbili. Weka simu spika."